Akiba ya Nyimbo: Funzo la Frere Town kwa Kijana Mpiga Gitaa

Ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa Kisauni, ingali imesimama kengele ya Frere Town, ambayo mtaa wa Kengeleni umepata jina kwayo. Zamani ilipigwa kuwaonya watu ya kuwa wakamata watumwa wanakuja. Mji huo ulianzishwa na wamisionari wa C.M.S. mwaka 1875, ukapewa jina la Sir Bartle Frere, ili uwe makao ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Walikuwamo Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, pamoja na Waafrika waliolelewa huko Nasik, Bara Hindi. Wengi walifika mikono mitupu. Mali waliyobaki nayo ni ile isiyoweza kunyang'anywa, yaani lugha zao na nyimbo zilizokuwa vichwani mwao.

Funzo hilo lamfaa sana kijana wa leo anayejifunza gitaa. Kijana huyo hana uhaba wa nyimbo, maana simu yake humpa nyimbo za dunia nzima kwa saa moja. Lakini kusikia si kujua. Mara nyingi mpigaji mpya huitwa harusini, akaanza vizuri, na baada ya ubeti wa kwanza maneno yakamwishia. Hurukia wimbo mwingine, nao ukakatika vivyo hivyo. Wachezaji huketi mmoja mmoja, na mwenye shughuli hamwiti tena. Mtaka yote hukosa yote.

Afadhali nyimbo kumi zilizo kamili kuliko arobaini zilizokatika. Wimbo ni kamili mpigaji anapojua maneno yake yote na maana yake, anapojua namna ya kuuanza na kuumaliza, na anapojua ni sauti ipi inayolifaa koo lake, si koo la yule aliyeuimba kwanza. Hapana budi aweze kuupiga gizani, bila karatasi, huku watu wakizungumza. Ukiisha kukaa hivyo, ndipo aongeze mwingine.

Yafaa pia awe na daftari. Humo aandike jina la wimbo, aliyemfundisha, sauti ya kuanzia, mwendo wake, na shughuli unayoifaa. Wimbo wa kuwainua watu wacheze haufai matangani, wala wa kanisani haufai karamu ya usiku. Akilitazama daftari lake ataona upesi palipo na pengo: pengine ana nyimbo nyingi za mapenzi, wala hana hata mmoja wa kumwaga bibi arusi.

Wa kumfundisha hawako mbali. Makanisani ataona jinsi sauti nne zinavyopatana. Kisiwani Mvita kuna taarabu, ambayo itamfundisha kuyatamka maneno ya shairi kwa heshima. Wamijikenda wana ngoma zao, zenye midundo ambayo mkono wa gitaa haujui mpaka ufundishwe. Tena wako kina nyanya, wenye nyimbo za kubembelezea watoto.

Za mwisho hizo zisidharauliwe. Mwaka 1963 Kenya ilipotafuta Wimbo wa Taifa, tume ya wanamuziki, miongoni mwao Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Thomas Kalume, iliuchagua wimbo wa Wapokomo wa kumlaza mtoto, ikautia maneno mapya. Lau mama wa Kipokomo wangaliacha kuuimba, usingalikuwapo wa kuchaguliwa.

Tena kuna mfano wa Fundi Konde, Mgiriama aliyezaliwa mwaka 1924. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa katika kikosi cha kuwatumbuiza askari. Baada ya vita alitia nyimbo zake katika santuri, kama vile Tausi Ndege Wangu, kwa Kiswahili chepesi na mwendo wa rumba. Mwendo huo ulikuwa umetoka ng'ambo, lakini maneno yalikuwa ya kwao, na kwa hiyo nyimbo hizo zilipendwa na kukumbukwa hata baada ya kufariki kwake mwaka 2000.

Basi kijana asikatazwe kuiga, kwa maana kila fundi alianza kwa kuiga. Ila kila anapojifunza wimbo mmoja wa redioni, na ajifunze na mmoja wa nyumbani. Ule wa redioni umehifadhiwa, na ataukuta hata mwakani. Wa bibi yake haukutiwa katika santuri yo yote, na bibi hatangoja. Na aende kwake juma hili na daftari mkononi, amsikilize kwanza, aandike baadaye, kisha amwimbie naye amsahihishe. Haba na haba hujaza kibaba.