Ndevu za Kambare na Suala la Jinsia

Kauli ya Waswahili kwamba katika nyumba ya kambare kila mtu ana ndevu hufasiriwa kuwa kejeli kwa jamaa isiyo na mkubwa wala mdogo. Aghalabu wasomi huishia hapo. Hata hivyo, waliotunga kauli hiyo walikuwa wamemtazama samaki mwenyewe kwa makini: dume, jike na mtoto wote wana ndevu, na hakuna awezaye kubainisha jinsia kwa ndevu hizo.

Zinachobainisha ni aina. Katika Ziwa Victoria, kambare wa jenasi ya Clarias ana jozi nne za ndevu na pezi refu la mgongoni. Gogogo, wa jenasi ya Synodontis, ana jozi tatu. Mbili za kidevuni zina vitawi mithili ya unyoya, na mapezi yake yana miiba ambayo wavuvi huiogopa kwa haki.

Ugumu umo ndani ya Clarias. Clarias alluaudi, ambaye urefu wake haupiti sentimita 35 hivi, hufanana mno na mtoto wa Clarias gariepinus, samaki awezaye kupita mita moja. Mfugaji atakayemwokota mtoni bila kupambanua atalisha miezi na miezi samaki asiyekua. Dawa ni kufunua kifuniko cha matamvua: gariepinus ana vijino vyembamba, vingi, vilivyosongamana, alluaudi anavyo vichache vilivyoachana.

Ama kuhusu jinsia, samaki hulazwa chali. Nyuma ya tundu la haja, dume aliyekomaa ana kijinyama kirefu kilichochongoka kuelekea mkiani. Cha jike ni kifupi, cha mviringo, chenye ufa. Tumbo lililotuna si ushahidi wa kutosha, maana hata shibe hulitunisha. Kwa gogogo tofauti hiyo ni finyu zaidi, na mara nyingi ni kupasua tu kunakomaliza ubishi.

Kosa hapa lina gharama. Katika utotoleshaji wa gariepinus, jike hukamuliwa mayai akabaki hai, ilhali dume kwa kawaida huchinjwa ili korodani zitolewe, kwani manii yake hayakamuliki kwa urahisi. Aliyemdhania jike kuwa dume hugundua kosa lake kisu kikiwa kimekwisha kupita, na mayai yamemwagika mezani.