Waya wa choki ulivyonila mtaji: usimwelekeze mteja kwa rangi tu

Leo naongea na wewe unayeuza spea kwa simu. Unapiga picha, unaweka status, mteja anatuma hela, mzigo unapanda basi. Mimi ndiyo kazi yangu hapa Dodoma. Spea za pikipiki ndizo zinanilisha, ila nauza na vifaa vya injini za boti.

Najua utauliza, Dodoma na boti wapi na wapi? Umesahau Mtera. Lile bwawa lipo karibu katikati ya barabara ya Dodoma na Iringa, na wavuvi wapo. Wengi wana mitumbwi, wachache wana mashine, na mashine zenyewe nyingi ni za zamani. Spea zake hazipatikani kirahisi, kwa hiyo ukiwa nayo unauza.

Siku moja mzee mmoja wa Mtera aliniagiza swichi ya ufunguo. Alikuwa na boti ya faiba yenye usukani, mashine ya Mercury ya miaka ya 1980, aliinunua Dar. Swichi ikafika salama. Jioni akanipigia:

"Mwanangu, huu waya wa njano na nyeusi unakaa wapi?"

Nikajibu haraka haraka, nina mteja mwingine mbele yangu: "Shikamoo mzee. Huo ni wa choki, weka kwenye C."

Kesho yake asubuhi simu ikaita tena. "Mwanangu, nimefunga kama ulivyosema. Mashine inazunguka lakini haina cheche."

Roho ikaniuma, maana CDI ilishaungua. Ngoja nikueleze kwa nini.

Choki hii siyo ya ubaoni. Ni kijibati kwenye mdomo wa kabureta. Mashine ikiwa baridi, petroli haigeuki mvuke vizuri, kwa hiyo kijibati kinaziba hewa kidogo ili petroli izidi na mashine iwake. Kwenye mashine nyingi ndogo unavuta kishikio kwa mkono, basi. Lakini zile zenye betri na usukani, wewe umekaa mbele na mashine iko nyuma. Ndiyo maana kuna koili ya sumaku. Unawasha ufunguo, unausukuma ndani, umeme wa volti 12 unatoka kwenye swichi alama C, unafika kwenye koili, sumaku inavuta kijibati. Ukiachia, kinarudi.

Sasa nyuma ya swichi kuna alama zingine. B ni betri, S ni stata, na M zipo mbili. Hizo M ndizo za kuzima mashine. Ukizima ufunguo, M mbili zinaungana, moto wa plagi unapelekwa kwenye bodi, mashine inakufa. Waya wa M unatoka moja kwa moja kwenye CDI, na haupaswi kuguswa na umeme wa betri hata sekunde moja.

Kwenye Mercury nyingi za miaka hiyo, waya wa choki ni njano yenye mstari mweusi. Waya wa kuzima ni nyeusi yenye mstari wa njano. Umeona? Rangi zilezile mbili, kazi tofauti kabisa. Mzee alishika ule wa kuzima, akauweka kwenye C, akausukuma ufunguo ili apate choki. Volti 12 zikaingia kwenye CDI.

Kosa lilikuwa langu. Sikumuuliza rangi ipi ni ya waya na ipi ni ya mstari. Nilitafuta CDI iliyotumika, tukagawana gharama nusu kwa nusu, na nusu yangu ilikula faida ya mwezi mzima.

Tangu siku hiyo nafanya hivi:

1. Natumia mita kupima swichi kabla ya kuituma, na ninarekodi video. Ufunguo ukiwa umezimwa, M na M lazima mita ilie. Ukiwashwa, isilie. B na C ilie pale tu ufunguo umewashwa na umesukumwa ndani.

2. Mteja akiniuliza waya, naomba picha mchana, karibu, mstari uonekane. Jua na chumvi vinapausha rangi, na boti nyingi zilishapita kwenye mikono ya mafundi wengi. Kwa hiyo fundi aufuate waya mpaka mwisho wake. Unaofika kwenye koili ya kabureta ndio wa choki, rangi iwe yoyote.

3. Sidhani kampuni zote zinafanana. Johnson na Evinrude nyingi, choki ni zambarau yenye mstari mweupe. Yamaha nyingi ni bluu. Naandika kwenye karatasi, naiweka ndani ya mzigo.

4. Mteja akitaka koili mpya, kwanza namwambia apime ya zamani. Achomoe waya wa koili, aipe koili umeme wa betri kidogo tu. Ikilia "tak" na kijibati kikasogea, koili ni nzima, ubovu uko kwenye swichi au waya. Isipolia, asafishe kutu pale koili inapofungwa kwenye bodi, maana bila hasi nzuri haivuti. Asishikilie muda mrefu, koili inachemka na kuungua. Na afanye sehemu ya wazi, kusiwe na petroli inayovuja, kwa sababu cheche zitatoka.

Hapo namba nne utasema najiharibia biashara. Kweli, kuna koili sijaziuza kwa sababu hiyo. Lakini mteja niliyemwambia akwangue kutu ndiye aliyerudi kununua stata.

Yule mzee bado ananunua kwangu. Ila siku hizi akipiga simu anaanza na neno moja: "Mwanangu, nimeshatuma picha."

Biashara njema.