Maniema: Ukienda kupimwa macho, usirudi Kasongo bila karatasi ya vipimo

Kwa wakaaji wa Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, miwani ikivunjika, kupata nyingine si jambo la siku moja. Barabara ya udongo kati ya Kasongo na Kindu, makao makuu ya jimbo, inapita kilomita 200, na anayetoka Kabambare kupitia Kasongo ana safari nyingine kabla ya hiyo. Ndiyo maana anayepimwa macho mjini anafaa kurudi na vitu viwili: miwani na karatasi ya vipimo vyake.

Kwa karatasi hiyo, ndugu au mfanyabiashara anayekwenda Kindu au Bukavu anaweza kukuagizia miwani mingine bila wewe kutoka nyumbani.

Karatasi huandikwa kwa kifupi cha Kifaransa. OD ni jicho la kulia, OG la kushoto. Alama ya kutoa (-) ni ya mtu asiyeona vizuri mbali. Alama ya kujumlisha (+) mara nyingi ni ya anayesumbuka kuona karibu. "Cyl" na "Axe" huandikwa kwa jicho lenye konea isiyo duara sawasawa. "Add" ni nguvu ya kusomea inayoongezwa kwa watu wa miaka 40 na zaidi.

Kipimo kinachosahauliwa mara nyingi ni EP, yaani umbali kati ya mboni mbili. Kwa watu wazima wengi ni kati ya milimita 54 na 74. Fundi hukipima kwa rula ndogo kwa muda mfupi tu, lakini kikikosewa, hasa kwa lenzi kali, mvaaji huumwa kichwa. Kiombe kiandikwe.

Miwani ya sokoni ina nguvu sawa pande zote mbili. Inaweza kumfaa fundi cherehani au mnunuzi wa dhahabu wa Salamabila ambaye macho yake yanalingana, na anataka kuona karibu tu. Haimfai mtoto wa shule asiyeona ubao.

Si kila giza la macho linatibiwa kwa miwani. Mtoto wa jicho huhitaji upasuaji. Upofu wa mtoni, unaoletwa na inzi wadogo weusi wa mito yenye kasi, huzuiwa kwa vidonge vya Mectizan, lakini uoni ulioharibika haurudi.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba katika Afrika ya kati, zaidi ya asilimia 80 ya wenye shida ya kuona karibu hawajapata msaada, ingawa wengi wangesaidiwa na miwani tu.

Kwa hiyo, kabla ya kupanda pikipiki ya kurudi, soma karatasi pamoja na aliyekupima, ipige picha kwa simu, kisha uifunge ndani ya mfuko wa plastiki. Rudia kipimo kila baada ya mwaka mmoja au miwili, na mapema zaidi kwa watoto.