Hadithi Inayomzunguka Msikilizaji

Katika sinema mwongozaji huchagua kitakachoonekana, naye mtazamaji hukitazama mbele yake. Katika ufundi uitwao uhalisia pepe, hadithi humzunguka mtu pande zote, naye huchagua mwenyewe pa kutazama.

Msingi wake si mpya. Mwaka 1838 mwanasayansi wa Uingereza, Charles Wheatstone, alieleza kwamba kila jicho huona kitu kwa namna inayotofautiana kidogo na jicho la pili. Ubongo huziunganisha taswira hizo mbili, nasi tukatambua kilicho karibu na kilicho mbali. Mwaka 1968 Ivan Sutherland wa Marekani alionyesha chombo cha kuvaliwa kichwani, kilichounganishwa na mtambo ulioning'inia darini. Kila jicho lilipewa picha yake, na picha zilibadilika mvaaji alipogeuza kichwa. Michoro hiyo ilionekana ndani ya chumba halisi. Kuchanganya hivyo kilichopo na kilichobuniwa ndiko kuitwako leo uhalisia ongezwa. Picha ikichelewa kukifuata kichwa, taarifa za macho hupingana na zile za kiungo cha usawa wa mwili kilichomo sikioni, na mtu huweza kushikwa na kichefuchefu.

Ufundi huu unasimuliaje? Mathalani, katika filamu Clouds Over Sidra ya Gabo Arora na Chris Milk, iliyotolewa mwaka 2015, binti Msiria wa miaka 12 anaeleza maisha yake katika kambi ya wakimbizi ya Zaatari, nchini Yordani. Mtazamaji hujikuta darasani miongoni mwa watoto. Akipenda, aweza kuwapa kisogo akautazama ukuta. Kwa sababu hiyo msimulizi hana budi kumvuta kwa sauti na kwa mwendo wa watu, maana kumlazimisha hawezi.

Je, kuzungukwa na kambi ndiko kuifahamu? Kamera hainasi joto, harufu wala wasiwasi wa kesho. Mtazamaji wa filamu hiyo hugeuza shingo, lakini hawezi kupiga hatua wala kuuliza swali. Tena huvua miwani apendapo akarejea kwake, ilhali mkimbizi hubaki palepale. Basi aliyetazama asidai kwamba ameyapitia. Ameonyeshwa mahali tu. Maana ya mahali hapo ataipata kwa kuyasikiliza kwa makini maneno ya binti mwenyewe.