Xbox Ipi Hiyo? Kuitambua Chipu Inayoiwasha Mashine ya Gemu

Mwenye kibanda cha gemu pale Kulesa akipiga simu Malindi kuulizia kipuri, husema, "Nina Xbox, imekataa kuwaka." Fundi wa upande wa pili hana la kufanya na maneno hayo. Xbox ya kwanza, iliyoingia madukani Marekani tarehe 15 Novemba 2001, ina matoleo ambayo mafundi huyahesabu kuanzia 1.0 hadi 1.6, na kwa nje yote ni sanduku jeusi lile lile lenye herufi X mgongoni. Ndani, pawa saplai haziingiliani, bodi hazifanani, na chipu ndogo inayoamua kama mashine itawaka haibebi programu moja. Kipuri kisicho chake kikisafirishwa kupitia Garsen hadi huko kando ya Mto Tana, nauli imepotea, na pengine bodi nayo.

Chipu ninayoisema ni kidhibiti cha mfumo. Kwenye PlayStation 3 mafundi huiita syscon. Kwenye Xbox huitwa SMC, ingawa kwa Xbox ya kwanza wengi husema PIC tu, kwa kuwa ndiyo aina ya chipu iliyotumika. Ni mlinzi wa zamu asiyelala: maadamu waya uko kwenye soketi, iko kazini hata mashine ikiwa imezimwa. Hungoja kidole kiguse kitufe, hufungulia kila sehemu umeme wake kwa mpangilio, huendesha feni, hupima joto, huwasha taa za mbele. Maagizo yaliyoandikwa ndani yake ndiyo famwea yake. Ile namba ya toleo unayoiona kwenye menyu ya mashine ni ya programu nyingine kabisa, na haikuambii chochote kuhusu PIC.

Kwenye Xbox ya kwanza kuna utaratibu ambao kila fundi angefaa kuujua. Mashine inapowaka, PIC huipa prosesa fumbo la hesabu na kungoja jibu kwa muda mfupi sana. Jibu lisipokuja, PIC huikatia mashine umeme na kuanza upya. Ikishindikana mara ya tatu, taa ya mbele humulika nyekundu na kijani kwa kupokezana. Nimesikia mara nyingi taa hiyo ikitafsiriwa kuwa "PIC imekufa". Ni kinyume chake. PIC iliyokufa haiwezi kumulika taa yoyote. Inayomulika iko macho na inalalamika kwamba wenzake hawakuitika. Kosa litafutwe kwenye kumbukumbu, kwenye waya zilizolehemiwa kwa ajili ya chipu ya kuchezea diski zisizo halali, au kwenye pawa saplai.

Sasa, namna ya kuiuliza PIC toleo lake. Ndani ya bodi kuna njia ya waya mbili iitwayo SMBus, ambayo chipu ndogo huzungumzia. PIC iko kwenye anwani 0x10, na rejista yake ya kwanza hutoa herufi moja kila inaposomwa. Ukisoma mara tatu unapata jina lake. P01 ni Xbox 1.0. P05 ni 1.1. P11 ni kundi la kuanzia 1.2. P2L ni 1.6. Mashine za kampuni za kutengeneza gemu hutoa herufi za namna nyingine, kama DBG, lakini hizo hazifiki Kaunti ya Tana River.

Hapo pana mtego. Herufi huzunguka, na hakuna anayejua msomaji aliyetangulia aliishia wapi. Kwa hiyo P11 yaweza kutoka kama 1P1 au 11P, na fundi asiyejua akaandika kwamba amegundua toleo jipya duniani. Programu nzuri huzikubali sura zote tatu. XBMC, ile programu ya kuchezea filamu iliyozaliwa kwenye Xbox na ambayo leo inaitwa Kodi, ndivyo ilivyoandikwa, na kwenye ukurasa wake wa taarifa za mfumo huonyesha toleo la mashine bila kukusumbua na herufi hizo. Kama Xbox yako imeshafunguliwa kupokea programu za nje na ina XBMC, anzia hapo.

Mtego wa pili: P11 peke yake haitoshi, kwa sababu matoleo kadhaa yana PIC yenye famwea ileile. Inabidi umuulize shahidi mwingine, nayo ni chipu inayotengeneza picha ya televisheni. Chipu ya Conexant huitikia kwenye anwani 0x45, na maana yake ni mashine ya 1.3 kurudi nyuma. Ya Focus huitikia 0x6A: hiyo ni 1.4 au 1.5. Ikiitika Xcalibur, kwenye 0x70, uko na 1.6, na hapo mjadala umekwisha. Nashangaa jinsi orodha nyingi zinavyotoa jibu moja kwa P11 wakati bodi yenyewe inakuambia uendelee kuuliza.

Lakini mashine isiyowaka haisomwi kwa programu. Basi igeuze usome kibandiko cha chini. Tarakimu tano za mwisho za namba yake zina habari: ya kwanza ni mwaka, mbili zinazofuata ni wiki, mbili za mwisho ni kiwanda. Ukiona 30905, ilitengenezwa wiki ya 9 ya mwaka 2003, China. Kiwanda 02 ni Mexico, 03 ni Hungaria, 06 ni Taiwan. Tarehe hukusogeza tu karibu na jibu. Ukiifungua, mambo huwa wazi zaidi: 1.0 ina feni ndogo juu ya chipu ya picha, 1.1 haina. Kiunganishi cha pawa saplai kwenye hizo mbili kina pini 12, kuanzia 1.2 kina pini 20, 1.6 ina cha kwake. Hii ndiyo sababu nasema mtu asiagize pawa saplai ya Xbox kabla ya kuhesabu pini. Asome na volti pia, maana pawa saplai za Xbox za Marekani ni za volti 120, na Kenya tuna 240. Moshi wake hutoka mara moja tu.

Yuko pia adui anayesingiziwa kuwa PIC. Bodi zote kabla ya 1.6 zina kapasita ya saa ambayo kwa miaka mingi huvuja majimaji na kula njia nyembamba za shaba zilizo jirani. Mashine huanza kujiwasha yenyewe, au kitufe hakisikii. Ing'oe kapasita hiyo, safisha, ndipo useme lolote kuhusu famwea. Ushauri huohuo ni wa mashine zilizopitiwa na mafuriko ya Mto Tana, kama ya mwaka 2024: tope likikauka kati ya miguu ya chipu hutoa dalili zilezile, na hakuna toleo la famwea linalozieleza.

Xbox 360 ni rahisi zaidi, kwa sababu kibandiko kilichoko nyuma kinataja ampea. 16.5 bila tundu la HDMI ni bodi ya Xenon, 16.5 yenye HDMI ni Zephyr, 14.2 ni Falcon, 12.1 ni Jasper. Kwenye zile nyembamba za kuanzia 2010, 10.83 ni Trinity na 9.6 ni Corona. SMC hapa si chipu ya peke yake tena. Iko ndani ya chipu kubwa ya pembeni, na maagizo yake yamehifadhiwa yakiwa yamefumbwa ndani ya kumbukumbu ya NAND pamoja na mengine yote. Kwa hiyo anayeandika nakala ya NAND ya Jasper kwenye bodi ya Falcon ameipa bodi SMC isiyo yake, na asishangae feni au taa zikifanya vituko.

Na ile balaa ya taa tatu nyekundu, ambayo mwezi Julai 2007 iliifanya Microsoft iongeze dhamana hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni moja? SMC inajua kilichotokea, na husema bila kifaa chochote. Kwenye mashine zile nene, shikilia kitufe kidogo cha kuunganisha pedi, bonyeza cha kutolea diski, uhesabu taa zinazomulika. Bonyeza tena hadi upate tarakimu nne. Taa zote nne ni sifuri. Ukipata 0102, mara nyingi ni chipu ya picha iliyoachia bodi, na hiyo si kazi ya kufanyia kibandani.

PlayStation 3 ina syscon yenye kumbukumbu ya makosa 32 ya mwisho. Mashine za mwanzo, kama CECHA yenye bodi ya COK-001, zina chipu iliyoandikwa CXR juu yake. Za baadaye zimeandikwa SW. Familia hizi mbili haziongei kwa namna moja, basi soma maandishi ya chipu kwanza, halafu ndipo ulehemu waya za adapta ya USB ya volti 3.3. Msimbo ukiishia 1002, umeme wa chipu ya picha, RSX, umeyumba, na kwenye mashine nene washukiwa wa kwanza ni kapasita za NEC TOKIN. Ukiishia 1200, prosesa ya Cell imepata joto kupita kiasi, jambo lisilo geni kwenye kibanda cha mabati cha Garsen saa nane mchana. Tofauti na Xbox ya kwanza, masasisho ya PS3 hubeba viraka vya syscon, kwa hiyo PS3 mbili zenye bodi moja zaweza kuwa na viraka tofauti. Na syscon imefungwa kwa prosesa yake: kuihamishia bodi nyingine bila kuziunganisha upya hakuwashi mashine.

PS2 niitaje haraka tu, kwa kuwa swali lake huwa moja: mbona kadi ya kumbukumbu yenye FreeMcBoot, programu inayojiwasha kutoka kwenye kadi hiyo, haikubali? Tazama kibandiko. Kama ni familia ya SCPH-90000 na msimbo wa tarehe ni 8C au baada yake, yaani robo ya tatu ya 2008 kwenda mbele, yaelekea ina BIOS 2.30, ambayo iliziba mlango ambao FreeMcBoot huingilia.

Fundi wa Malindi akipokea simu, basi, mpe haya: namba nzima ya kibandiko, ampea au volti, idadi ya pini za pawa saplai kama umefungua, maandishi yaliyo juu ya syscon, na taa zilivyomulika. Picha ya bodi kwa WhatsApp inafaa zaidi ya maelezo, hasa kwa mashine iliyopitia mikono mingi, kwa kuwa ganda la Falcon lenye bodi ya Jasper ndani yake ni jambo la kawaida sokoni.