Mkanda wa Jeshi Huanzia Utotoni

Bibi aliyeketi mbele yangu alifunua kanga kidogo upande wa kulia. Vipele vyenye maji vilikuwa vimejipanga kuanzia uti wa mgongo, vikapita ubavuni hadi chini ya titi, vikakoma katikati ya kifua kama vimekatwa kwa wembe. Siku tatu kabla havijatoka alihisi moto mahali hapo, akadhani kichomi. Mjukuu wake alikuwa ameugua tetekuwanga mwezi uliotangulia, na swali lake likawa moja: "Daktari, mtoto ndiye aliyeniambukiza mkanda wa jeshi?"

La. Virusi vya mkanda vilimwingia mwilini zamani, alipougua tetekuwanga akiwa binti mdogo. Vipele vilipopona, virusi havikutoka. Vilijificha kwenye mizizi ya neva kandokando ya uti wa mgongo, vikalala humo miaka zaidi ya 50. Kinga ikipungua kwa uzee, huamka kwenye neva moja na kushuka nayo hadi kwenye ngozi. Kila neva ina kipande chake cha ngozi, upande mmoja tu wa mwili, ndiyo maana vipele hupita kama mkanda na kukoma katikati. Wanaosema ncha mbili za mkanda zikikutana mgonjwa hufa wanawatisha watu bure.

Mwaka 1892, daktari von Bókay wa Budapest aliona jambo lililowashangaza wenzake: mtu mzima akiugua mkanda, watoto wa nyumba ile hupata tetekuwanga. Njia ya maambukizi ni hiyo. Maji ya vipele vya bibi yanaweza kumpa tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuugua, lakini hayampi mkanda.

Kwa mtoto mwenye afya, tetekuwanga ni homa na kujikuna wiki moja hivi. (Msimpe aspirini, inaweza kudhuru ini na ubongo wake.) Anayeupata ukubwani huumia zaidi, na mapafu yanaweza kushambuliwa; kwa mjamzito, hatari ni ya watu wawili. Katika nchi za joto kama zetu, wengi hufika utu uzima bila kuugua, kwa hiyo tusiuite ugonjwa wa watoto tukajisahau.

Mkanda nao hauwangoji wazee peke yao. Kijana akiupata, namshauri apime VVU, kwa sababu virusi hivyo hudhoofisha kinga. Lakini mkanda si kipimo. Nimeona vijana wakifichwa ndani kwa aibu, majirani wamekwisha kutoa hukumu, na damu yao haina VVU. Inaniuma, maana siku wanazofichwa ndizo za dawa: asaiklova hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokeze. Anayechelewa, hasa mzee, anaweza kubaki na maumivu ya neva kwa miezi, hata nguo ikimgusa asivumilie. Vipele vikitokea kwenye paji la uso au ncha ya pua, nenda hospitali siku hiyohiyo, jicho liko hatarini.

Bibi alipokea dawa, akaniambia nyumbani kuna kitukuu cha wiki mbili, na mama yake hakumbuki kuugua tetekuwanga. Nikamwomba avifunike vipele, anawe mikono, na asimbebe mtoto mpaka vyote viwe magamba.

"Siku ngapi?" akauliza, mkono ukiwa bado kwenye kanga.

Mara nyingi ni 7 hadi 10.