Mbegu ya kitunguu: Ijaribu kabla ya kuisia

MKULIMA anayefika Kariakoo kununua mbegu za vitunguu huwa ameshapiga hesabu za mambo mengi: nauli, kodi ya shamba, dizeli ya pampu na malipo ya vibarua. Jambo moja husahauliwa mara nyingi, nalo ni kujua kama mbegu anayoinunua bado ni hai.

Mbegu ya kitunguu ni miongoni mwa mbegu za mboga zinazokufa mapema. Ikihifadhiwa katika hali ya kawaida, uwezo wake wa kuota hushuka sana baada ya mwaka mmoja. Joto na unyevu huharakisha hali hiyo, na Dar es Salaam ina vyote viwili. Kopo lililofungwa vizuri kiwandani huikinga mbegu. Likishafunguliwa na kuuzwa kwa kupima kidogo kidogo, mbegu huanza kuvuta unyevu wa hewa. Kwa macho, mbegu iliyokufa haina tofauti na iliyo hai.

Hasara yake inahesabika. Kilo moja ya mbegu ina punje zipatazo 250,000. Ekari moja, yenye mita za mraba zipatazo 4,000, huhitaji miche 200,000 ikipandwa kwa nafasi ya sentimita 20 kati ya mistari na 10 kati ya mche na mche. Kilo hiyo ikiota kwa asilimia 60 tu, mkulima atapata miche 150,000, hata kabla ya kuondoa itakayouawa na kinyausi. Robo ya shamba itabaki tupu, ilhali kodi na gharama za kulima zimelipwa kwa ekari nzima.

Akiamua kusia upya, anapoteza wiki sita hadi nane. Mavuno yanaweza kukutwa na mvua na vitunguu vikaoza, au kufika sokoni wakati mizigo ya Mang'ola na Ruaha Mbuyuni imeshashusha bei.

Jaribio la punje 100

Kinga yake haina gharama. Mkulima anashauriwa kununua mbegu mapema, kabla ya kulipia shamba. Ahesabu punje 100, azitandaze juu ya kitambaa chenye unyevu, akikunje na kukiweka kivulini. Kitambaa kisikauke wala kisilowe chepechepe. Siku ya 12 ahesabu zilizoota. Zikiwa 80 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiwa 60, aongeze kiasi cha mbegu. Zikipungua 50, asizisie, kwani hata zilizoota huwa dhaifu.

Mbegu nzuri nayo huhitaji kitalu kizuri. Tuta liwe na upana wa mita moja, lichanganywe na samadi iliyooza. Mbegu zisiwe kwa mistari, kina cha sentimita moja, zifunikwe kwa nyasi ambazo huondolewa mara zikianza kuota. Kusia kwa kubananisha huleta miche myembamba na kinyausi.

Miche huhamishwa ikiwa na unene wa kalamu ya risasi. Siku chache kabla, maji hupunguzwa ili ikomae, kisha kitalu humwagiliwa vizuri siku ya kung'oa. Kupandikiza hufanyika jioni, na mche usizikwe zaidi ya sentimita tatu.

Wenye maduka nao

Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 inataka mbegu zinazouzwa ziwe zimethibitishwa na kuwekewa lebo. Mnunuzi asome kwenye lebo aina ya mbegu, namba ya fungu na tarehe ya kupimwa, kisha adai risiti. Bila vitu hivyo, mbegu isipoota hana pa kushika.

Mwenye duka dogo naye ana faida katika hili. Akinunua pakiti ndogo zilizofungwa, akazihifadhi mbali na jua na kuuza kwanza zile za zamani, hatabaki na mzigo uliokufa rafuni. Mkulima aliyepata miche yake kamili hurudi dukani hapo msimu unaofuata.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa mkulima wa vitunguu, daftari hilo lianze na punje 100 na kitambaa chenye unyevu.